Mvuvi wa Pwani Aliyezaliwa Iringa

Mimi ni mtu wa pwani niliyezaliwa Iringa. Babu yetu ndiye aliyetoka Bagamoyo na biashara ya nguo, akaoa huku, akazikwa huku, na mimi mpaka nafikisha miaka ishirini na minne nilikuwa sijaiona bahari kwa macho. Lakini katika Iringa ya miaka ya hamsini, ukivaa kanzu na kofia na ukasema Kiswahili bila kukwama, wewe ni wa pwani tu, na mtu wa pwani anatakiwa kujua mambo mawili: dini na samaki. Dini niliijua kiasi. Samaki niliwajua walivyotufikia dukani, wakavu, ndani ya gunia, wakinuka.

Duka lilikuwa la baba yangu mkubwa. Niliuza humo khanga, mafuta ya taa, misumari, na katika kabati moja la kioo, vifaa vya kuvulia. Upande wa kulia wa kabati kulikuwa na vitu vilivyoagizwa kutoka Dar es Salaam: mishipi minene ya pamba, ndoana kubwa kama kidole kilichokunjwa, na chubwi, yaani vile vipande vya risasi vinavyozamisha mshipi. Upande wa kushoto kulikuwa na kisanduku cha vitu vyembamba: nyuzi za nailoni ambazo ilibidi uzielekeze kwenye mwanga ndipo uzione, na ndoana ndogo za waya mwembamba. Vya kushoto walinunua Wazungu wa mashamba ya chai, nao hawakuniuliza lolote. Wangeniuliza ningewajibu, maana ulimi nilikuwa nao.

Aliyekuja kuniuliza ni mzee mmoja wa Kihehe, mlinzi wa bwawa katika shamba la chai huko Mufindi. Aliingia amevua kofia, akasimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha.

"Kamwene, baba," akasema.

"Kamwene, mzee."

"Mimi nataka vitu ya kuvua samaki. Lakini samaki mimi sijui. Mimi mtu ya ng'ombe."

Nikamwuliza samaki gani. Akanieleza kwamba Mzungu mwenye shamba alipandikiza bwawani samaki wa kigeni, wenye mdomo mpana na mgongo wa kijani, wanaoitwa besi. Yeye amewalinda miaka minane na hajawahi kutoa humo hata mmoja. Sasa binti yake alikuwa anaolewa. Bwana harusi alikuwa fundi wa magari Mbeya, Mnyakyusa wa kule chini ziwani, na wakwe walikuwa wanakuja kwa basi siku ya Ijumaa, harusi ikiwa kanisani Jumamosi. Mzungu alikuwa amempa ruhusa ya kuvua siku hiyo moja ya Ijumaa, mwisho saa nane mchana.

"Hawa watu wa ziwa," akasema, "mtoto yao anajua samaki kabla hajajua maziwa. Nikiwapa kuku, ni chakula. Lakini nikiwapa samaki, watajua huyu mzee ametufikiria. Binti yangu anakwenda mbali, baba. Nataka afike kule na heshima."

Sasa hapo ndipo palipokuwa pa kusema maneno mawili: "Sijui, mzee." Kuuliza si ujinga, na kutojua hakumuui mtu. Angekwenda akamwuliza mpishi wa Mzungu, au mtu yeyote aliyewahi kuloa miguu. Lakini alinitazama kwa imani ile, akasema, "Nyinyi watu wa pwani mmezaliwa na samaki," na mimi nikajisikia nanenepa ndani ya kanzu. Nikafungua kabati upande wa kulia.

Nikamchagulia mshipi mnene kuliko yote, kwa hoja kwamba samaki mwenye mdomo mpana ana nguvu. Nikamchagulia ndoana kubwa, kwa hoja hiyo hiyo. Nikamwekea chubwi tatu ili mshipi uende mbali, katikati ya bwawa, kwenye kina, maana nilikuwa nimemsikia babu akisema samaki wakubwa hukaa kwenye kina. Mzee akagusa kile kisanduku cha kushoto, akauliza na hivi je. Nikamjibu hivyo ni vya Wazungu, wao huvua kwa kucheza.

Alipomaliza kufunga vitu vyake akaniomba, kwa adabu sana, kama naweza kwenda nikamsaidie siku hiyo. Ningeweza kusingizia duka. Nikakubali. Debe tupu haliachi kuvuma.

Alhamisi nilipanda lori la kwenda njia ya Mbeya, nikashuka kwenye njia panda, nikatembea mpaka kwa mzee. Walinipokea kama mkwe. Mama mwenye nyumba aliniwekea maji ya moto ya kuoga, nikalala kitanda cha mwenye nyumba, na yeye mwenyewe sijui alilala wapi.

Asubuhi mzee alinigongea kukiwa bado na ukungu. Amekwisha kata fito mbili za mianzi, amechimba minyoo, yuko tayari. Mimi nilikuwa na usingizi na baridi. Nikamwambia haraka haina baraka, tungoje maji yajae.

"Yajae?" akauliza.

"Maji hujaa na kupwa, mzee. Samaki huja na maji yanayojaa. Na tukibahatika ikawa bamvua, yaani siku maji yanapojaa kupita kawaida, ndiyo bora kabisa."

Mzee yule amelitazama bwawa lile kila siku kwa miaka minane. Alijua maji yake huongezeka kwa mvua na kupungua kwa kiangazi, basi. Alinitazama kidogo, akatazama nje kwenye ukungu, akasema, "Haya, baba. Wewe ndiyo unajua." Nikarudi kulala. Kila nikikumbuka jibu hilo natamani dunia inimeze.

Tulifika bwawani jua limeshapanda. Maji yalikuwa meupe, yametulia, upande mmoja matete, na upande wa juu visiki vya miti iliyozamishwa bwawa lilipojengwa. Nikasimama ukingoni na kanzu yangu nyeupe, mahali peupe pa wazi, nikazungusha mshipi wenye chubwi tatu na kuutupa katikati. Ulianguka kwa kishindo. Mawimbi yalitoka pale yakafika mpaka miguuni kwetu. Kisha tukakaa kusubiri.

Binti alikuja na ndoo kuchota maji. Huyo ndiye bibi arusi. Alisalimu kwa kupiga goti, akatutazama, na niliona amejizuia. Mwishowe akamwambia baba yake, si mimi, "Baba, hapo katikati hakuna kitu. Wanakaa kule visikini, kwenye kivuli, na kwenye matete. Mimi nawaona kila siku nikichota. Panzi akianguka karibu na kisiki, wanatoka wanamkamata. Lakini akiwa mfu, hatembei, hawamtaki. Na ukitembea kwa kishindo wanakimbia."

Aliyasema yote kwa pumzi moja. Leo nikimfundisha mtu kuvua besi, sina la kuongeza zaidi ya hayo. Lakini siku ile nilicheka. Nikasema bibi arusi anatakiwa kuwa ndani anasingwa, sio kufundisha wanaume kuvua. Nilipenda neno hilo la kusingwa, yaani kusuguliwa mwili kwa manukato, kwa sababu nilijua hawalijui. Binti akamtazama baba yake. Mzee akamwambia kwa Kihehe maneno mafupi, na binti akabeba ndoo yake akaenda.

Saa nne. Saa tano. Jua likawa kichwani. Mshipi ulikamata majani, tukauvuta. Ukakamata majani tena. Mzee alikaa amechuchumaa, mkono kwenye ufito, jicho kwenye maji, na nilimwona kila mara akitupa macho kule visikini. Ilipofika saa saba alisema polepole, "Baba, hatuwezi kujaribu kidogo kule? Ni mfano tu."

Nilikuwa nimeshajua kwamba binti alisema kweli. Nataka hili lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba sikujua. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu samaki wawili wakiruka kwenye kivuli cha visiki. Lakini kwenda kule ilikuwa ni kukubali mbele ya mzee kwamba nimeshindwa na msichana mwenye ndoo. Nikamwambia, "Tukihama sasa tutaharibu kila kitu. Maji ndiyo yanaanza."

Saa nane ilipofika, alikunja mshipi mwenyewe. Nikamshawishi tuongeze nusu saa, Mzungu hayupo, nani ataona? Akanishangaa. "Mimi ndiyo mlinzi," akasema. Alifuta ndoana kwa shati lake, akaziweka kwenye karatasi nilizomfungia dukani, na tukarudi nyumbani mikono mitupu.

Mama mwenye nyumba alitupokea uani. Alitazama mikono yetu, akaingia bandani, akatoka na mitetea miwili. Ilikuwa ya mayai, niliiona asubuhi ikitamia. Akaileta kwangu pamoja na kisu, akasema, "Chinja wewe, mwanangu, ili na wewe upate kula." Walikuwa Wakristo, wangeweza kuchinja wenyewe bila kunifikiria. Nilielekea kibla, nikasoma nilichotakiwa kusoma, nikachinja.

Wakwe walifika jioni jua likiwa bado lipo, watu wanane, wamechoka na vumbi la njia yote kutoka Mbeya. Aliyewaongoza ni baba wa bwana harusi, mtu mkubwa, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza chumba. Wakanawa, wakaketi, ugali ukaja, na kuku. Firigisi aliwekewa mkwe, na nyingine nikawekewa mimi, mgeni wa pwani.

Mkwe akakata tonge, akasema kwa kicheko, "Ndaga fijo! Asante sana! Lakini sisi tumepita pale kwenye bwawa, tumeona samaki inaruka, tukasema leo tunakula kama nyumbani. Kumbe mwenzetu anachunga samaki kama ng'ombe, hali!"

Watu walicheka. Mzee alicheka pia, kisha akageuka kunitazama. Hakunilaumu kwa macho. Alikuwa anangoja tu mimi mwenye ujuzi nieleze, kama mtu anavyomwachia fundi aeleze kwa nini gari haliwaki. Ningesema, "Kosa ni langu," mambo yangekwisha pale pale. Mkwe angecheka, angenitania mimi, na mimi kesho ningepanda lori langu nikaenda zangu.

Mzee alikuwa na kikohozi. Wazee wengi wa kule juu wanacho, kwa ukungu na moshi wa jikoni. Alikuwa amekohoa mara mbili au tatu tukiwa bwawani, amejiziba mdomo kwa kiganja.

Nikasema, "Samaki wale wanataka kimya. Mzee alikuwa anakohoa. Kila wakikaribia, anakohoa, wanakimbia."

Chumba kililipuka. Mkwe alipiga paja, akasema kwao ziwani mtu wa namna hiyo angefungiwa nyumbani wanaume wakienda kuvua. Akamwita mwenzake "Bwana Kikohozi," na jina likapokewa na wote, kwa mzaha, kwa mapenzi hata, lakini likapokewa. Binti alikuwa analeta maji ya kunawa. Alisimama na birika mkononi akanitazama mimi, si mwingine, kisha akainama na kuendelea kumimina. Na mzee? Mzee alisema, "Ni kweli. Mimi si mtu wa maji. Nimemharibia mgeni kazi yake." Alisema hivyo kwa moyo safi. Aliniamini.

Kilichobaki cha jioni ile nilimwona akijizuia kukohoa. Uso ulikuwa unavimba, macho yanatoka machozi, anameza. Kesho yake kanisani, mbele ya watu wote, wakati binti yake anaulizwa kama anakubali, mzee alikuwa amejiziba mdomo kwa leso na mabega yanatikisika. Watu walidhani analia. Upande wa wakwe wakanong'ona, wakacheka. Mimi nilikuwa benchi la nyuma na kofia yangu mkononi, na firigisi yake ilikuwa bado iko tumboni mwangu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu sana, wala hakuna aliyenifukuza.

Nilichofanya baada ya hapo hakinipi sifa. Mwaka uliofuata nilichukua kisanduku kile cha kushoto, nikaenda bwawa jingine ambako hakuna anayenijua, nikajaribu maneno ya binti moja baada ya jingine. Nilivaa nguo za rangi ya majani. Nilikaribia maji kwa magoti. Nikafunga ndoana ndogo kwenye uzi mwembamba, bila chubwi hata moja, nikachomeka panzi mzima kwa mgongo ili apate kupiga teke. Nikamtupa mbele ya kisiki, si juu yake, nikamvuta taratibu apite kwenye kivuli. Uzi ukaenda wenyewe. Nilivuta mapema, nikamkosa. Wa pili nilimwachia kidogo, ageuke na chakula chake, ndipo nikavuta, na nilipoona anataka kuruka nikainamisha ufito chini uzi usilegee. Nilimtoa. Alikuwa mzuri, mwenye mstari mweusi ubavuni. Nikakaa chini kwenye nyasi na samaki yule anapigapiga, na sikusikia furaha yoyote. Tangu nianze haikuwa imepita robo saa.

Siku moja nilikwenda Mbeya kuchukua mzigo, na sokoni nikakutana na binti yule, ana mtoto mgongoni. Nilitaka kupita. Akanisalimu kwa heshima zote, akaniuliza hali ya nyumbani. Nikamwuliza baba hajambo.

"Hajambo," akasema. "Lakini haji. Mjukuu huyu hajamwona. Baba mkwe wangu kila siku anauliza, Bwana Kikohozi yuko wapi? Anatania tu. Lakini baba anasema akija ataniaibisha, kikohozi kimezidi." Akamweka mtoto sawa mgongoni. "Kaka, mimi sikusema kitu kwa mume wangu. Wewe unajua na mimi najua. Nenda ukamwambie baba. Akijua, atakuja."

Nikamwahidi. Nilimaanisha, Mungu shahidi.

Nilikwenda wiki ile ile. Nililala kwa rafiki jirani na bwawa lile la pili, nikavua alfajiri kwenye visiki, nikapata wanne, kila mmoja wa kujaza sahani. Njia nzima nilikuwa najisemesha: Mzee, siku ile niliongopa. Sikujua kuvua. Sijawahi kuiona bahari. Kosa halikuwa lako. Maneno manne tu, nayajua, nimeyapanga.

Nilimkuta amekaa nje juani, amekonda, shuka mabegani. Aliponiona alisimama kwa shida, akanipokea kapu kwa mikono miwili. Alipofunua akaona samaki, alitikisa kichwa muda mrefu. Akamwita mkewe, akawaita na majirani wawili waliokuwa wanapita.

"Njooni muone," akasema. "Huyu ndiyo yule Mswahili niliyewaambia. Angalieni! Akiwa peke yake, anapata. Siku ile ilikuwa mimi."

Majirani wakanipa mkono. Mmoja akaniuliza ndoana gani inafaa, nikamwambia ndogo. Nilisikia sauti yangu ikieleza, ikinogewa, panzi, kivuli, kisiki. Mzee alisikiliza anatabasamu. Walipoondoka tukabaki wawili, nikajua sasa ndiyo saa. Nikafungua mdomo.

Yeye akaniwahi. Alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, mimi mgonjwa. Kuna neno nimekaa nalo tangu harusi. Ulitoka mjini kwa ajili yangu, ukaacha duka, na mimi na kikohozi changu nikakuaibisha mbele ya wakwe. Sikukuomba msamaha siku ile. Sasa nakuomba."

Nilitazama mkono wake juu ya wangu.

"Yamekwisha, mzee," nikasema. "Nimekusamehe."